Mkono Uliobaki Hewani

Harufu ya chuma kinachoungua haifanani na harufu nyingine yoyote. Si moshi wa makaa, wala si moshi wa nyasi zinazochomwa pembezoni mwa mji wakati wa kiangazi. Ni harufu kali yenye ladha, inayokaa juu ya ulimi kana kwamba umelamba ufunguo. Nimeilamba utoto wangu wote. Uani kwetu, Hewa Bora, katika komuni ya Kampemba, baba yangu alilehemu milango, vitanda na madirisha ya vyuma tangu asubuhi hadi jua lilipozama nyuma ya ukuta wa jirani, na harufu hiyo iliingia katika bukari, ugali wetu wa kila siku, katika mashuka, katika nywele za mama. Hata sasa, nikipita mbele ya kibanda cha mlehemu yeyote mjini Lubumbashi, kinywa changu hujaa mate machungu, na nyuma ya mate huja hasira. Watoto wangu huniuliza, mama, umemkasirikia nani? Mimi huwajibu kwamba nimeikasirikia sanamu. Wao hucheka, kwa sababu hawajui kwamba nasema kweli.

Sanamu yenyewe imo katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha mji wetu, katika chumba cha kusomea cha chini, kati ya dirisha na rafu za kamusi. Ni msichana wa chuma na shaba aliyeketi juu ya kigoda. Kitabu kimefunguliwa juu ya magoti yake, na mkono wake wa kushoto umelaza kidole juu ya ukurasa. Mkono wa kulia umenyooshwa pembeni, kiganja kikiwa kimefumbwa nusu, juu ya hewa tupu. Chini yake wamebandika kibao kinachosema: “Kiu ya Maarifa”. Nilipokuwa mwanafunzi nilimsikia mhadhiri akiwaeleza wageni kwamba mkono ule ni wa Afrika inayoomba elimu, na mwaka uliofuata mwingine akasema hapana, ni mkono unaotoa, unaowagawia wengine kilichosomwa. Wanafunzi, ambao hawana muda wa mafumbo, huutundikia miavuli yao msimu wa mvua. Nami kila mara nimesimama pale nikiwa nimeuma meno. Mkono ule hauombi wala hautoi. Mkono ule ulikuwa umeshika mkono wangu.

Sina budi kueleza kwanza kwamba sikuzaliwa peke yangu. Mimi ni Marthe, na aliyenitangulia kutoka tumboni ni Marie. Sisi ni mapacha, au kama tusemavyo kwetu, mapasa. Wazee wetu walitoka kaskazini ya Katanga, wakaja kusini kufuata reli na migodi, wakabatizwa, wakajenga makanisa, lakini habari ya mapasa hawakuiacha njiani. Kwetu mapasa hawahesabiwi wawili. Ukimpa mmoja karanga, mpe na mwingine, na uwape kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili, la sivyo unaita balaa. Mgeni akiingia uani huleta vitu viwili, hata kama ni vipande viwili vya muwa. Mmoja akikosa, wanachapwa wote wawili, sheria ambayo Marie aliitumia vibaya sana, kwa kuwa aliweza kuvunja chungu na kisha kuniangalia kwa huruma. Mama yetu hakuitwa tena kwa jina lake. Alikuwa Mama Mapasa, na baba alikuwa Papa Mapasa, na katika sherehe wanawake wa mtaa walipaka nyuso zao udongo mweupe na kumwimbia nyimbo za matusi, ambazo ndizo heshima ya mapasa, na ambazo padri alijifanya hazisikii. Mama alizipokea kwa kichwa kilichoinuliwa, kama mke wa chifu anayepokea ushuru.

Msimu ninaousimulia ni kiangazi cha mwaka tuliomaliza shule ya msingi. Asubuhi za Julai zilikuwa na baridi ya kukata masikio, vumbi jekundu lilikaa juu ya kila jani, na tulikuwa tukiota moto wa mbabula, jiko letu la makaa, huku tukizungumza jambo moja tu: lise ya masista, yaani sekondari ya wasichana. Tulikuwa tumefaulu mtihani sote wawili. Septemba ilikuwa inakuja na ingetukuta katika sketi za buluu, dawati moja, kama tulivyokaa tangu darasa la kwanza. Mama alikuwa amekwisha kushona sketi zote mbili kutoka kitambaa kimoja, akazikunja na kuziweka juu ya kabati, na kila Jumapili baada ya misa alituruhusu kuzigusa.

Katika kiangazi hicho alikuja Bwana Kalenga. Alikuwa katibu wa maktaba ya chuo kikuu, mtu mrefu mwenye suti ya rangi ya majivu na viatu ambavyo vumbi la Hewa Bora halikuvionea haya. Maktaba ilitaka sanamu ya mwanafunzi anayesoma, na mtu fulani alikuwa amewasifia lango la kanisa ambalo baba alilipamba kwa ndege wa shaba. Bwana Kalenga alikuwa mtoto wa kwetu. Siku ya kwanza alipoingia uani alileta mikate miwili, akatupa mimi na Marie kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili, na kumwinamia mama. Mama alisema jioni ile kwamba mtu huyu alilelewa. Neno hilo alikuja kulijutia. Baba naye, ambaye unyenyekevu haukuwa miongoni mwa mizigo yake, aliutangazia mtaa mzima kwamba chuo kikuu kimeshindwa kupata mtu Ulaya, kikaja kubisha hodi kwake.

Baba alijifunza kazi katika karakana ya reli, akiwa msaidizi wa baba yake, na kutoka huko alirithi desturi ya kutochora kitu kwenye karatasi. Alipima kwa waya. Alituita uani, akatuzungushia waya mwembamba kichwani, begani, kwenye kifundo cha mkono, akaukata na kuutundika kwenye misumari ukutani, hata ukuta wa kibanda chake ukaonekana kama mtu ametundika hapo watoto wawili waliokondeana. Kisha akatulaza juu ya ardhi na kuchora ukingo wa miili yetu kwa kipande cha kaa. Mifupa ya sanamu ilikuwa ya nondo. Nyama ilikuwa bati la mapipa. Nyuso, mikono na kitabu vilikuwa vya shaba, ambayo aliipasha moto, akaizamisha ndani ya maji, akaigonga juu ya gunia la mchanga kwa nyundo ya mti, taratibu, akiigeuza, mpaka shavu likatokea. Mlio wa kugonga shaba ni mlio wa subira. Waswahili husema subira huvuta heri. Mimi leo nasema inategemea nani ameishika kamba upande wa pili.

Aliyeketi na kitabu ni Marie. Hakuchaguliwa kwa kupenda kusoma. Mpenda kusoma nilikuwa mimi, tena nilisoma hata magazeti yaliyofungia ndakala, dagaa wetu, sokoni. Alichaguliwa kwa sababu mimi sikuweza kutulia. Marie aliweza kukaa juu ya kigoda asubuhi nzima bila kutikisika, akitazama kitabu alichokishika juu chini, huku akiwaza mambo yake. Siku moja jua lilimpiga mpaka midomo ikakauka. “Papa, nasikia kiu, nikunywe kwanza,” alilalama. Baba, akiwa na shavu la shaba mikononi, alimjibu bila kuinua macho: “Ukisimama, sura inapotea. Ngoja.” Marie alingoja. Midomo ya sanamu ikatoka imefunguka kidogo, na ikabaki hivyo.

Mimi nilisimamishwa pembeni yake, nimeinama, sikio karibu na mdomo wake, mkono wangu ndani ya mkono wake. Mmoja anasoma, mwingine anasikiliza. Ndivyo tulivyojifunza masomo yetu kweli, ila msomaji nilikuwa mimi na msikilizaji Marie. Mama alimwuliza baba, wakati vichwa viwili vilipokuwa tayari vimesimama juu ya nondo, kama wale wa chuo wanajua. “Walikuomba mmoja,” alisema. “Umewaambia?” Baba alicheka. Alimwambia kwamba jambo hilo halihitaji kuambiwa mtu. “Hakuna muntu wa huku mwenye atakata mapasa,” alisema. “Hata akuwe na diplome mpaka kwenye meno.” Hakuwauliza. Aliamini kwamba desturi ingemtangulia hadi mlangoni na kumfungulia. Nimeshalifikiria kosa hilo kwa miaka mingi, na bado siwezi kulicheka. Mtu wa mahali pengine angeuliza. Baba hakuuliza kwa sababu alidhani yuko nyumbani.

Tuliipeleka mwishoni mwa Agosti, kwa gari la mizigo la mjomba wa jirani. Sanamu mbili zilizoshikana zililazwa juu ya magunia, na sisi wawili tukaketi kando yake tukiwa na magauni ya kufanana. Mama alijipaka udongo mweupe kwenye paji la uso, akavaa njuga zake, na wanawake wawili wa mtaa wakapanda nyuma ili waimbe. Tulivuka mji tukiimba. Watu walisimama njiani kupiga vigelegele. Mlangoni mwa maktaba, Bwana Kalenga alitokea pamoja na mzee mmoja mwenye tai, mkuu wa majengo, na nikaona uso wa Bwana Kalenga ukibadilika kabla gari halijazimwa.

“Papa Mapasa, hii ni nini tena?”

“Ni kazi yenu.”

“Tuliomba moja.”

“Njo hii moja, ndiyo hii. Ulisikia wapi mapasa inahesabiwa mbili?”

“Mi naona vichwa viwili.”

“Basi funga jicho moja,” baba alisema, na wale vijana waliokuja kubeba wakaangua kicheko.

Mzee mwenye tai hakucheka. Alizunguka gari akiwa ameweka mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe. Ndani, waashi walikuwa wamejenga kitako cha saruji cha mtu mmoja, chembamba, na sherehe ya kufungua ilikuwa kesho yake. Akanyoosha kidole kuelekea sanamu yangu. “Na huyu wa pili anafanya nini mu bibliothèque? Hana hata kitabu.” Baba akajibu kwamba anasikiliza. “Mu bibliothèque bantu banasoma,” mzee alisema. “Hapana kusikiliza.” Nilikuwa nimesimama karibu naye sana, katika gauni langu la sherehe, nami nilielewa vizuri kabisa kwamba amenizungumzia mimi.

Mama alimgeukia Bwana Kalenga. “Kalenga, we mwenyewe ulituletea mikate mbili. Leo njo unajua kuhesabu?” Bwana Kalenga alitazama viatu vyake. Uani kwetu alikuwa mtoto wa mama yake. Mlangoni pale alikuwa mtoto wa karatasi yake, na karatasi ilisema moja. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, “Mama Mapasa, tuichukue hii moja kwanza. Mwaka wenye kuya tutajenga kitako cha pili. Mi mwenyewe nitaifuata.” Mwaka ujao. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoyasikia maneno hayo yakitumiwa kama plasta, kubandikwa juu ya kidonda kabla damu haijatoka.

Baba angeweza kuwasha gari na kurudi. Nimesema hivyo kwa mama, nimesema kwa Marie, nimesema peke yangu jikoni. Lakini alikuwa amekwisha kuujulisha mtaa. Alikuwa ameipitisha sanamu mbele ya watu na vigelegele vyao. Kurudi nayo, kuishusha mbele ya jirani zake walewale, hilo lilimshinda. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa msumeno wa chuma. Hakumruhusu kijana yeyote aushike. Alikata mwenyewe, pale viganja vilipokutana, na shaba ililia kwa sauti nyembamba iliyonifanya nizibe masikio. Marie hakuziba yake. Alitazama mpaka mwisho, ametulia kama kawaida yake. Mama alizivua njuga, akazifunga ndani ya kitambaa. Tulirudi Hewa Bora bila wimbo, na mimi peke yangu wa chuma nimelazwa juu ya magunia, mkono wangu wa kushoto ukielekea angani.

Juma lilelile baba aliilehemu sanamu yangu kwenye nguzo ya lango letu, kwa chini na kwa ubavuni, mshono mnene ambao mwizi asingeukata. Alisema anazuia wezi wa shaba. Nadhani alitaka isikae uani mbele ya macho ya mama. Mkono ukabaki umenyooshwa kuelekea barabarani, na watu wa mtaa, ambao hawakujua wala hawakujali sanaa, walianza kuushika wakiingia. “Marthe, habari ya leo?” wangesema, wakiutikisa mkono wa shaba, kisha ndipo wapige hodi. Wauza mboga waliushika, wajumbe wa parokia waliushika, walevi walimweleza msichana wa shaba siri zao. Ilikuwa aibu yangu kubwa kwa muda, kisha nikazoea.

Septemba ilipofika kazi za baba zilikuwa zimepungua. Waliokuwa wakijenga waliacha kujenga. Jioni moja alituita sote karibu na mbabula. Alisema lise ni mzigo mzito, kwamba hawezi kuwapeleka wawili kwa mara moja. Alisema Marthe aende kwanza, kwa sababu Marthe hawezi kukaa nyumbani, atamvunjia mama vyombo vyote. Marie anaweza kukaa. Marie anaweza kungoja. “Marie ataenda mwaka wenye kuya,” alisema. Nakumbuka kwamba mama hakupaza sauti. Alikuwa akichambua mboga ya lengalenga, na aliendelea kuchambua. “Uliona vile chuma ilikatika,” alimwambia. “Sasa mukono yako imezoea.” Baba alitoka nje. Sketi ya pili ilibaki juu ya kabati mpaka ikawa fupi, halafu mama akaifanya foronya.

Sikuamini, na leo siamini, kwamba msumeno ule ulituletea balaa. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba shule nyingi zilikosa watoto wa kike mwaka ule bila sanamu yoyote kukatwa. Lakini nimeishi vya kutosha kujua pia kwamba mtu hujifunza kukata. Yule aliyesema hakuna mtu wa huku atakayekata mapasa alikuwa amegundua, mlangoni mwa maktaba, kwamba inawezekana: unakata, jua linazama, unakula, unalala. Na kutoka kwa Bwana Kalenga alijifunza maneno ya kutumia. Mwaka ule ulioahidiwa ulikuja, na Marie alikuwa akiuza maandazi mbele ya lango letu. Ulikuja mwingine, na Marie alikuwa fundi wa kushona. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, na kwa kweli jambo hilo limeniudhi kuliko yote.

Hivyo, kwa mzaha ambao sijui ni wa nani, Marie ndiye aliyeingia chuo kikuu kwa shaba, na mimi ndiye niliyeingia kwa miguu. Nilisoma miaka yangu yote ya shahada chini ya uso wa dada yangu wa miaka kumi na miwili, naye hajawahi kukanyaga sakafu ile. Siku mhadhiri wetu alipoeleza habari ya kiu ya maarifa, niliinua mkono nikamwambia kwamba sanamu ile ni nusu, kwamba baba yangu ndiye aliyeitengeneza, na kwamba nusu nyingine iko Hewa Bora kwenye lango. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, “Mademoiselle, kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa fundi si yake tena,” na darasa likaandika. Waliandika maneno yake; yangu hakuna aliyeyaandika.

Tangu hapo nimewaandikia. Nimewaandikia nikiwa mwalimu kijana, nimewaandikia nikiwa mama wa watoto, nimewaandikia baada ya kumzika baba, ambaye hakurudi maktaba ile hata mara moja. Bwana Kalenga alistaafu, akafuatwa na mwingine, na huyo na mwingine, na kila mmoja alinipokea vizuri, akaniketisha, akaitazama picha ya lango letu, akasema ni habari nzuri mno, kisha akataja kitako, waashi, kamati, na mwaka ujao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lina vidonda. Wakati mwingine nilitamani mmoja wao anikatalie waziwazi, anifukuze, ili nipate mtu wa kugombana naye. Huwezi kugombana na tabasamu. Mama alikuwa akiniuliza, kila niliporudi, “Walisema nini?” Alifariki akiwa bado anauliza.

Kisha mwaka huu, bila mimi kutazamia, mkuu mpya wa maktaba aliniita. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, na yeye alikuwa amekwisha kusimamisha kitako cha pili. Nilikiona kwa macho yangu, saruji ikiwa bado mbichi, upande wa kulia wa Marie. Alisema tulete sanamu, tukubaliane tu sisi wenye nayo. Nililia ofisini mwake kama mjinga. Nilikwenda Hewa Bora, ambako Marie ndiye anayeishi sasa na wajukuu zake, nikamwambia avae vizuri, twende akaone mahali.

Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Mlangoni palikuwa na msichana wa ulinzi mwenye kofia, na mashine ya kupitisha kadi. Mimi ninayo kadi ya wahitimu. Nilipita. Marie alibaki upande wa pili wa chuma kinachozunguka, kinachompitisha mwenye kadi tu.

“Karte, mama,” msichana alisema.

“Karte ya nini, mwanangu? Mi nakuja kujiona.”

“Kujiona wapi?”

“Pale. Ule mutoto wa shaba, ni miye.”

Msichana aligeuka akaitazama sanamu, akamtazama dada yangu, uso wenye miaka yake, tumbo lenye watoto wake. “Mama, ule ni Kiu ya Maarifa,” alisema, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgonjwa.

“Nani alikudanganya? Nilikuwa na kiu ya maji. Papa alikatala nisimame.”

Nilirudi, nikaeleza, nikaonyesha kadi yangu, nikataja jina la mkuu, ambaye siku ile alikuwa safarini. Msichana hakuwa mkorofi, hata alisikitika. Alisema kila mtu huingia kwa karte yake, kwamba wasomaji wa nje huandikishwa kwa kipindi, na kipindi kimefungwa. “Labda mwaka wenye kuya, mama.” Hapo Marie alicheka. Alicheka kicheko kile cha mama, kinachotoka chini ya mbavu, mpaka wanafunzi wakainua vichwa na mmoja akatoa sauti ya kutunyamazisha. Kisha akanyoosha mkono juu ya chuma kile kinachozunguka, kuelekea kule kwenye dirisha na kamusi, kiganja kimefumbwa nusu. Umbali ulikuwa wa chumba kizima. Alikaa hivyo kidogo. Anaweza kukaa, Marie.

Njiani nilizungumza bila kukoma, kwamba mkuu akirudi atatengeneza mambo, kwamba tutaleta mlehemu, tukate nguzo taratibu. “Hapana,” Marie alisema tulipovuka soko. Nilidhani sikumsikia. “Yako iko kazini,” alisema. “Inasalimia bantu. Ukiileta pale itasalimia nani? Kama banataka mbili, balete yangu nyumbani. Hakuna tena mwenye atakuya kukata kwangu.” Nilibishana naye mpaka langoni. Nilimwambia kwamba nimepigania jambo hili maisha yangu yote, kwamba mama alilingoja, kwamba hatimaye kitako kipo, kipo, nimekigusa! Alinisikiliza kama alivyomsikiliza baba, bila kutikisika, na nilijua kwamba nimeshindwa na mtu pekee ambaye nilikuwa nikimpigania.

Nimejaribu, ninapoandika haya, kupima wakati ule na huu, na kipimo kinanikasirisha. Zamani tulikatwa na mtu aliyeshika msumeno, mbele ya mama aliyeweza kumwambia neno. Leo hakuna anayekata. Kuna mashine inayosoma kadi, kuna msichana mpole, kuna kitako kilicho tayari, na bado dada yangu amesimama nje. Labda Marie ana haki. Labda mimi, kwa kusoma sana, ndiye niliyedhani kwamba mahali pa mapasa ni kule ndani. Sijaweza kukubali.

Jioni ile alinitangulia. Aliushika mkono wa sanamu yangu kama wafanyavyo wote, akautikisa, “Marthe, habari ya leo,” akapita ndani kuwasha mbabula. Nilibaki barabarani. Mwili wote wa sanamu umepakwa rangi ya mafuta mara nyingi hata sura imezama, lakini mkono unang'aa kama pete, kwa viganja vya mtaa mzima. Nikautia mkono wangu ndani yake. Ulikuwa bado na joto la Marie. Ule mwingine, wa Marie kule maktaba, niliwahi kuugusa mara moja, nikiwa mwanafunzi, kabla mlinzi hajanikemea: ulikuwa na vumbi, na baridi kama ufunguo wa nyumba ya watu.